Kijiko cha Ukungu

Chaula anamwambia mpwa wangu, si mimi,
kwamba mashine hii inafika baa mia tatu kwa dakika nane.
Ambilikile anaitikia kwa kichwa, kama mwenye bunduki.
Kibali kina jina langu. Kimegongwa muhuri Tukuyu:
Tusajigwe, mkulima wa viazi, Isongole.
Bega nalo ni langu, hili la kulia,
lililogoma mwezi wa nne
katika pigo la mia na arobaini la pampu ya mkono,
panya buku darini wakinisaidia kuhesabu.

Baa mia tatu!
Kwetu baa ni balaa, au ni pale anapolala shemeji.
Leo nimeshuka Mwanjelwa na pesa ya magunia kumi na tisa
kununua kitu cha kukamua upepo,
mimi niliyezaliwa mahali ambapo upepo
unang'oa bati bila kulipwa.

Ya kwanza ni nyekundu, ndogo kama mkate wa boflo,
inakula betri ya gari.
Ikalia kama cherehani yenye hasira.
Dakika ya nne nikaiwekea kiganja,
tunavyopima homa ya mtoto,
nikakiondoa haraka.
"Ni kawaida, mama."
Hata degedege ni kawaida, mpaka liwe la mwanao.

Ya pili inapozwa kwa maji: ndoo, mipira miwili,
na umeme usiokatika.
Nikamuuliza kama huo umeme anauuza pia.
Na Julai, ndoo yangu ikiamka na kioo cha barafu,
niipashe moto kwanza ili ije kupoza?

Ambilikile anavuta mkono wa gauni langu.
Anaipenda nyekundu. Ana miaka kumi na saba.

Ya tatu ilikuwa chini ya meza, ya kijivu,
ina mkwaruzo, haina boksi.
Nikachuchumaa.
"Hii inakojoa wapi?"

Walicheka mpaka muuza spea wa jirani akaja kuuliza kuna nini.
Nikawaacha wamalize.
Kisha nikasema: kwetu ukungu hauna hodi.
Unaingia, unakaa juu ya chumvi mpaka chumvi inakuwa uji,
kiberiti kinakataa, shuka linalala limelowa.
Hewa hiyo ukiibana mara mia mbili
maji yake yatakwenda wapi, Chaula?
Yataingia tumboni mwa bunduki
yale chuma taratibu, kama deni.
Tena hewa yetu ni nyepesi.
Maharage yanayoiva hapa saa mbili, kule yanataka tatu.
Hizo dakika nane zako zilipimwa pwani.

Hapo ndipo aliponitazama mimi.
Akainama, akafungua tumbo la ile ya kijivu:
pamba, punje nyeupe za kunyonya unyevu,
oringi tano za akiba kwenye mfuko wa karanga,
na kwa chini, kibomba kidogo cha shaba.
"Inakojolea hapa," akasema, bila kucheka.
"Ila ni ya polepole, mama."

Polepole naifahamu. Nimelima ekari mbili kwa jembe.

Usiku, jikoni, mshale wa geji unapanda
kama bibi anayekwea Ngosi:
anapanda, anashika kiuno, anapanda.
Ambilikile anataka tufike mia tatu, tuone.
Bunduki imeandikwa mia mbili.
Nikazima kwenye mia na tisini.
Kushiba si kuvimbiwa.

Kisha nikazungusha kibomba.
Kikapiga chafya, kikatema
maji ya rangi ya chai ya jana.
Niliyakinga kwa kijiko; yakajaa, yakabaki kidogo.
Ukungu wote wa jioni ile, kumbe ni huu.
Nikamwaga nje, ukaingia tena mlangoni.

Darini kimya.
Wameogopa,
au nao wanahesabu.